Wimbo wa Tatu, Upande wa Pili

Jumanne, 11 Julai 1995

Leo nimesema uongo mbele ya watu saba na hakuna aliyenibishia. Bora niandike kabla sijaanza kuuamini mwenyewe.

Ilikuwa saa tano hivi. Mashine yangu ya chapa haina kazi, nimeingiza karatasi tu nionekane nipo. Duka letu ni moja, Bwana Aftab amelikata katikati kwa ubao. Huku mimi nachapa barua za watu, kule yeye anarekodi kanda. Na kule ugomvi ulikuwa umeanza upya, sasa ni wiki ya tatu. Kanda mbili za rap kutoka Marekani. Moja ina picha ya gari refu, tunaiita Gari. Nyingine ina picha ya kijana aliyekaa kwenye ngazi za ghorofa, tunaiita Ngazi. Majina yao yenyewe yameandikwa kwa herufi za kupindapinda, kila mtu anayasoma anavyojua. Gari ni ya watu wa magharibi ya huko kwao, Ngazi ni ya mashariki. Wote wanaimba bunduki, polisi na mtaa. Ipi bora? Basi hilo ndilo swali la mtaa mzima wa Mirongo.

Chenge ni wa Gari. Anauza suruali za mitumba hapo nje, ana sauti ya mnadani. Anasema ukiipiga kwenye spika kubwa hata mbuzi atatikisa kichwa. Machibya ni wa Ngazi. Huyu anakata minofu ya sangara kiwandani, hupita hapa akitoka zamu, ananuka samaki na sabuni. Si msemaji. Leo alisema kitu kimoja tu, kwamba yule kijana wa Ngazi ni kama ana jambo analolisema. Chenge akamuuliza, jambo gani? Machibya akanyamaza. Wakamcheka.

Sijui nini kilinipata. Nikasimama kwenye upenyo wa ubao, nikasema Ngazi ndiyo bora. Gari ni midundo, Ngazi ni maneno.

Wote wakageuka. Mimi pale ni dada wa taipureta, hawajawahi kuniuliza kitu zaidi ya kiberiti. Chenge akasema, kwani wewe Dorcas unayaelewa? Nikasema nimemaliza kidato cha sita kwa masista na Kiingereza nilipata B. Hiyo ni kweli. Bwana Aftab akaweka wimbo wa tatu, upande wa pili. Akasema haya, tutafsirie.

Nilisikia “mama”. Nilisikia “dirisha”. Nilisikia kitu kama “nitarudi”. Mengine yote yalipita kama maji ya mto Mirongo mvua ikinyesha – kasi, na humo ndani sijui kuna nini. Nikaanza. Nikasema ni kijana aliyekwenda mbali kutafuta maisha. Anamwambia mama yake asifunge dirisha. Anasema hajaandika kwa sababu aliona aibu kurudi mikono mitupu.

Bwana Aftab akapunguza sauti. Machibya alikuwa ananitazama kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati.

Nilirudi kwenye kiti. Nikaanza kuchapa herufi zisizo na maana, na si kwa hofu. Kwa furaha. Hilo ndilo baya zaidi.


Jumatano, 12 Julai

Machibya amekuja asubuhi peke yake, kofia mkononi. Ameomba nimwandikie yale maneno ya jana, kwa Kiswahili, kwa mashine. Nikamuuliza ya nini. Akasema anataka tu kuwa nayo.

Tulikuwa wawili tu. Ningesema, Machibya, sikuyaelewa. Maneno mawili! Badala yake nikaingiza karatasi safi nikachapa. Yalikuja yenyewe, hata sikusimama kufikiri. Nimebaki na nakala ya kaboni, nainakili hapa ili nijione:

“Mama, usifunge dirisha. Najua majirani wanakuuliza na wewe huna la kuwajibu. Sikuandika kwa kuwa niliona aibu kurudi mikono mitupu. Nipo. Ninakula. Nikipata cha kukuwekea mkononi nitakuja mchana, kila mtu anione.”

Sikuweka kichwa cha habari. Sikuweka jina la mwimbaji wala la wimbo, maana nisingejua niandike nini. Machibya alisoma kwa kusogeza midomo, akakunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Najua yametoka wapi. Kila kijana anayekuja hapa kuchapisha barua ya kwao husema hivyohivyo. Mikono mitupu, mikono mitupu. Nimeyachapa mara mia. Nimemvisha Mmarekani maneno ya watu wa Magu na Sengerema.

Na kuna lingine, sijamwambia mtu. Mimi mwenyewe napenda Gari. Likianza lile besi nashindwa kutuliza mguu chini ya meza. Nilisema Ngazi kwa sababu walimcheka Machibya, na kwa sababu nilitaka nionekane ni mtu wa maneno.


Jumamosi, 15 Julai

Tumefanya mdahalo. Mdahalo kweli, na mwenyekiti! Bwana Aftab alisema mwaka huu vyama vinasimama kugombea, basi na kanda zisimame. Uani nyuma ya duka, saa tisa mchana. Watu walikaa juu ya mawe na makreti. Wafanyakazi wenzake Machibya walikuja, wauza mitumba walikuja, hata yule mama wa chapati aliacha jiko lake.

Chenge alianza. Niseme ukweli, alizungumza vizuri. Alileta spika iliyomfika kiunoni, akapiga Gari nyimbo mbili, akazima ghafla katikati. Akasema, mmejisikiaje ilipozimika? Mmejisikia mmenyang'anywa kitu. Basi hiyo ndiyo kanda bora. Akasema mtu anayetembeza suruali juani tangu asubuhi hana haja ya kufundishwa shida, anataka dakika nne za kujiona yuko ndani ya gari lake, kiti amekilaza, kioo ameshusha. Watu walipiga makofi na mimi moyoni nikapiga.

Kisha mimi. Nilikuwa na karatasi nne, nimezichapa juzi na jana. Nyimbo nne za Ngazi. Kila wimbo nilipata neno moja au mawili, nikajenga nyumba juu yake. Wimbo mmoja nikasema ni wa rafiki aliyekufa na viatu vyake vikabaki mlangoni. Mwingine nikasema ni wa mtu anayewaomba radhi wasichana aliowadanganya. Huo nilikuwa nimesikia ndani yake neno moja la matusi juu ya wanawake, lile nalijua, nililiona shuleni limeandikwa ukutani. Nililiruka. Nikaweka radhi mahali pake.

Mama wa chapati alifuta macho na upande wa kanga. Mikono ikanyooshwa, ya Ngazi ikawa mingi zaidi. Wakaniita Mwalimu. Wenzake Machibya walitaka kuninyanyua juu, nikakataa.

Chenge alinipa mkono. Hakukasirika. Aliuliza tu, akiwa bado ameshika mkono wangu, mbona hayo maneno ya Wamarekani yanafanana sana na barua zinazochapwa kule mbele. Alisema akitabasamu. Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu hadi Bwana Aftab akanitazama.


Jumapili, 16 Julai

Kanisani na Shangazi Wilhelmina. Wamesifia kwaya. Nimeshindwa kuimba. Shangazi ameuliza kama naumwa koo, nikasema ndiyo. Sasa naongeza uongo hata pasipo na haja.


Ijumaa, 21 Julai

Machibya hakuonekana wiki nzima. Leo alikuja wakati wa chakula cha mchana, Bwana Aftab amekwenda kusali. Hakukaa kwenye kiti cha wateja, alisimama ameegemea ubao. Akasema ana neno na linamtia aibu.

Nilidhani anataka kunitongoza. Mungu anisamehe, nilitengeneza hata kitambaa cha kichwa.

Ni hivi. Ana kaka yake, Nkwabi, wa kwanza kwao. Aliondoka mwaka juzi kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mwaka wa kwanza alituma salamu kwa madereva, mwaka huu hakuna kitu. Mama yao anakaa Usagara, pale njia zinapogawana, na magari ya kutoka kivukoni yanapita mbele ya mlango wake. Kila gari likisimama anatoka kutazama. Machibya huenda kila Jumapili na kila Jumapili anaulizwa lilelile.

Jumapili iliyopita alikwenda na ile karatasi mfukoni. Mama yake akaisikia inakwaruza alipomkumbatia. Akamuuliza, hiyo ni ya Nkwabi?

“Nilitaka kusema hapana,” Machibya akaniambia. “Dada, mdomo ulikuwa wazi kabisa kusema hapana. Nikamwona uso. Nikasema ndiyo.”

Akamsomea kama ilivyo, hakubadili neno, akihofia mama asije akampelekea jirani aisome tena. Mama hasomi. Aliuliza kwa nini imechapwa, Machibya akasema huko machimboni kuna ofisi. Aliisikiliza mara tatu. Halafu akainuka akapika wali, siku ambayo si ya sikukuu, akaita majirani.

Machibya akasema alijitetea moyoni kwamba si uongo wote, maana ni maneno ya kweli ya mtu wa kweli aliyemwambia mama yake. Yametoka kwenye kanda, yamesikika dunia nzima. Yeye ameyaazima tu.

Nilikuwa nimeshika kifutio cha mashine. Nilikifinya hadi kikavunjika.

Aliuliza kama upande wa pili una wimbo mwingine wa namna ile, kwa sababu mama anasubiri ya pili. Nikamwambia kanda imekwaruzika. Nitasikiliza nikipata nafasi.


Jumatatu, 24 Julai

Minaz amefika. Ni mtoto wa dada yake Bwana Aftab, umri wangu, amesoma Nairobi na sasa yuko mwaka wa pili Uingereza. Amevaa jinzi na anazungumza Kiswahili chetu bila shida, amelelewa hapahapa. Mchana alikaa upande wangu kwa sababu kule kunanuka moshi wa sigara. Akakuta kanda ya Ngazi mezani. Akasema hii anaijua yote, huko chuoni wanagombana hivyohivyo, wengine Gari wengine Ngazi. Yeye ni wa Gari. Ila anapunguza sauti mama yake akiwa karibu.

Nikamwomba anisikilizishe wimbo wa tatu, upande wa pili. Nilisema nataka kujipima Kiingereza. Tuligawana hedifoni, sikio moja yeye, moja mimi. Kila mstari alisimamisha akanieleza.

Yule si mama yake. Minaz alisema kule mwanaume anaweza kumwita hivyo mwanamke yeyote. Dirisha ni la mwanamke huyo. Kijana anaingia kupitia dirishani mume wa mwanamke huyo akiwa kazini, na anajisifu alichomfanyia humo, na anasema atarudi tena kesho na rafiki zake. Hakuna aliyekwenda mbali. Hakuna aibu yoyote. Sehemu ya mwisho yote ni kuwaita wanawake mbwa jike, kwa namna nyingi tofauti, na watu nyuma wanaitikia.

Minaz alianza akicheka, nadhani kwa sababu ya kulazimika kuyasema mchana kweupe kwa Kiswahili. Alipoona uso wangu akaacha. Akauliza, wewe ulidhani nini?

Sikumwambia. Nilisema nilidhani ni wimbo wa kawaida.

Wiki nzima nimeitwa Mwalimu kwa ajili ya huu. Niliusimamia mbele ya mama wa chapati. Niliyatoa matusi wanayonitukana mimi, nikayaosha, nikayavalisha nguo za ibada, nikawaambia watu wapige makofi.

Na ule mdundo bado ni mzuri. Hata nikijua. Sijui hilo nilipeleke wapi.


Jumanne, 25 Julai

Nimechapa hati ya kiwanja, makosa kumi na moja. Nimerudia yote.

Machibya amepita, amenipungia mkono akiwa ng'ambo ya barabara. Nimeinama kama natafuta kitu sakafuni.


Alhamisi, 27 Julai

Nimemwambia. Siyo kwa ushujaa. Nimemwambia kwa sababu ya alichoniambia yeye kwanza.

Alikuja saa nane, amefurahi kidogo, ameleta samaki mmoja aliyefungwa kwenye gazeti, wa Shangazi. Akasema mama anaendelea vizuri, analala. Hata ule mpango wa mjomba umefutwa. Nikauliza mpango gani. Akaeleza kama kitu kidogo: mjomba wao Shimba alikuwa avuke Jumatatu iliyopita kwenda machimboni, azunguke mashimo yote amtafute Nkwabi. Walikuwa wameshauza mbuzi wa nauli na posho. Barua ilipofika mama akamwambia Shimba asijisumbue, kijana yu hai na amesema atakuja mwenyewe. Shimba amerudi kwake, ameanza kazi ya matofali ya watu.

Kwa hiyo hakuna anayemtafuta. Kuna mtu labda amelala kwenye kibanda na homa, labda yuko chini ya udongo, na mtu aliyekuwa tayari amevaa viatu kumfuata amevua viatu kwa ajili ya ukurasa wangu.

Nikafunga mlango wa mbele. Nikamwambia Machibya akae.

“Yale maneno hayamo kwenye kanda,” nikasema. “Niliyatunga mimi.”

Alidhani nimekosea kutafsiri neno fulani. Akasema si kitu, hata kama ni nusu. Ikabidi nimweleze. Sikuweza kumwambia wimbo unasema nini hasa, nilisema tu kwamba ni wa mambo ya aibu na mwanamke. Kwamba hakuna kijana, hakuna mama, hakuna mtu aliyeandika. Kwamba nyimbo zote nne za siku ya mdahalo ni hivyo. Kwamba hata Ngazi siipendi kuliko Gari.

Sijui kwa nini niliongeza hilo la mwisho.

Machibya alitazama samaki wake mezani muda mrefu. Nilisubiri anitukane. Ningependa anitukane. Akasema taratibu:

“Wewe uliwadanganya watu wa dukani. Mimi nilimdanganya mama.”

Nikasema hapana, kosa ni langu. Akasema hata maneno yangekuwa ya kwenye kanda, yasingekuwa ya Nkwabi. Alilijua hilo tangu alipofungua mdomo. Akajifuta uso na kofia. Tukabaki hivyo, kila mmoja anachukua kosa lake na mwenzake hataki kuliachia, kama watu wanaogombania kulipa chai. Hakuna aliyepata nafuu.

Nikamwambia mjomba lazima aende. Akakubali. Nikamwambia mama lazima aambiwe. Akasema Jumapili, atamwambia Jumapili akiwa amekaa naye, si kutuma mtu. Nilijitolea kwenda naye. Akasema hapana, dada, hiyo niachie mimi.

Alipoondoka alisahau kuchukua kofia. Iko hapa juu ya karatasi za kaboni.


Jumamosi, 29 Julai

Chenge ametangaza marudiano. Amepata betri mpya, anasema safari hii Ngazi itazikwa. Watu walikuwa wameanza kukaa uani. Nikatoka nikasema hakuna haja, Gari ndiyo bora, nimekubali kushindwa. Na zile tafsiri zangu hazikuwa sahihi, nilibahatisha nyingi.

Kelele kidogo. Mmoja wa kiwandani akasema nimehongwa suruali. Mama wa chapati akauliza, hata ile ya viatu mlangoni? Nikasema hata ile. Alinitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka. Akarudi kwenye jiko lake, na chapati ya leo hakuniwekea.

Minaz alikuwa mlangoni. Nadhani sasa ameelewa. Alinishika bega tu alipopita. Ni vigumu kushikwa bega na mtu anayejua.

Chenge alinifuata mbele baadaye. Nilijua amekuja kusherehekea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akazungusha kile kifutio kilichovunjika, akasema yeye hajawahi kusikiliza maneno hata siku moja, si ya Gari wala ya Ngazi, kwa hiyo kwake hakuna kilichobadilika. Akasema pia kwamba siku ya mdahalo alirudi nyumbani akamwandikia baba yake aliyeko Maswa. Miaka minne walikuwa hawasemezani. Jibu bado.

Sijui kama aliniambia ili kunipa moyo au kunilaumu. Nimeshindwa kumwangalia usoni.


Jumapili, 30 Julai

Machibya yuko Usagara leo. Sijala.


Jumatatu, 31 Julai. Saa sita na nusu

Naandika mchana, mezani, daftari liko mbele ya mashine. Niharakishe.

Saa sita kasoro robo mwanamke aliingia. Mrefu, amejifunga kanga mbili, viatu vya plastiki vyenye vumbi la barabara kuu. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akauliza kama mimi ndiye Dorcas wa mashine. Nilimjua kabla hajamaliza. Ana paji la uso la Machibya.

Akasema Machibya hajui kuwa amekuja. Jana alikaa naye kutwa, kijana alikuwa kama mtu anayeumwa jino, kila akifungua mdomo anaufunga. Jioni akaaga. Hakusema kitu. Mama alimuuliza jambo moja tu, barua hii ilipitia wapi, akajibu ilipitia kwa dada Dorcas, Mirongo, dukani kwa Aftab. Basi leo akapanda gari la asubuhi.

Akafungua fundo la kanga. Ile karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imelainika mikunjoni kama kitambaa. Akaiweka juu ya vitufe vya mashine, polepole. Nilidhani anataka kujibu. Nikavuta karatasi safi, nikasema, nakusikiliza mama, sema nitachapa.

Akasema hakuja kuandika, amekuja kuuliza.

Anasema “balua”. Alisema balua hii aliisikiliza mara nyingi, akafurahi, akamzuia ndugu yake asiende. Lakini juzi, akichambua mchele, akakumbuka. Nkwabi hajawahi kumwita mama. Hata wageni wakiwapo, hata akisema Kiswahili, yeye ni mayu, kwa lugha ya kwao. Tangu anajifunza kusema, mayu. Kwa hiyo aliyeandika si Nkwabi.

Nikajua kila kitu kimeisha, na nikashukuru. Kweli nilishukuru. Nikafungua mdomo.

Lakini alikuwa hajamaliza. Alisema siku Nkwabi anaondoka walikuwa wawili tu mlangoni, Machibya yuko kazini, jua halijatoka. Akamwambia mwanawe, ukikosa usikae huko, rudi tu. Nkwabi akamjibu kwamba hawezi kurudi mikono mitupu, ni aibu. Neno hilo hakulisema mbele ya mtu mwingine, na yeye hakumsimulia mtu. Na hapa limo.

Aliweka kidole kwenye karatasi. Si kwenye mstari wenyewe, hajui uko wapi. Katikati tu.

“Kwa hiyo aliyeandika amekaa naye,” akasema. “Amemsikia. Wewe binti, ulimwona wapi mwanangu?”

Ningemwambia nini? Kwamba kila kijana husema hivyo? Kwamba nimechapa neno hilo mara mia kwa vijana mia na hakuna hata mmoja aliyekuwa Nkwabi? Au mmoja wao alikuwa? Siwaulizi majina ninapochapa, nawauliza tarehe.

Nikasema, mama, samahani, nina barua ya mteja ya haraka, nisubiri kidogo. Hivyo ndivyo nilivyosema. Akasema haina neno, atasubiri.

Hakuna mteja.

Bwana Aftab amempa chai. Yuko kwenye benchi karibu na mlango, amevua viatu, miguu imevimba kwa safari. Upande wa pili wameweka Ngazi, kwa sauti ndogo, sijui nani ameiweka. Mama hajali. Nimemtuma Minaz kiwandani amwite Machibya, lakini yuko zamu hadi saa tisa na mlinzi pale haruhusu.

Nitasimama sasa hivi. Nikimaliza mstari huu nitasimama.

Chai yake hajainywa. Ananitazama ninavyoandika, hatoi macho kwenye kalamu. Nadhani anafikiri naandika mahali alipo mwanawe.